Jinsi ya Kusoma Ramani ya Jiolojia na Mahali pa Kuipata: Mwongozo Kamili

Mtu anayenuia kuchimba kisima kirefu, kuomba leseni ya uchimbaji mdogo wa madini, kujenga kwenye mteremko au kuandika tasnifu ya jiolojia, mapema au baadaye hulazimika kujua ardhi anayoikanyaga ni ya miamba gani na miamba hiyo inaelekea wapi inapozama chini. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki swali hilo limekwisha kujibiwa kwa maandishi na kwa michoro. Nchini Tanzania kazi hiyo ilianza rasmi mwaka 1925, idara ya jiolojia ya Tanganyika ilipoanzishwa, na tangu hapo wanajiolojia wamepita makorongo na vilima vya nchi wakiweka walichokiona kwenye karatasi. Kinachosikitisha ni kwamba matunda ya kazi hiyo hutumiwa na wachache, na hata anayeipata ramani mara nyingi huishia kutazama rangi na kuuliza dhahabu iko kwenye rangi gani.

Mwongozo huu unafuata hasa ramani za Tanzania, lakini hatua zenyewe zinafaa kwa ramani ya nchi yoyote.

Ramani inaonyesha nini

Ramani ya jiolojia huonyesha aina na umri wa miamba iliyopo juu ya uso wa ardhi au chini kidogo ya udongo, mipaka kati ya mwamba mmoja na mwingine, na namna matabaka yalivyoinama, kukunjwa au kukatwa na mipasuko. Hata hivyo sehemu kubwa ya mwamba huwa imefunikwa na udongo, nyasi na mashamba. Mchoraji huuona mwamba wenyewe kwenye korongo, kwenye kitanda cha mto, kwenye kilima cha mawe au pale barabara ilipokata mlima, kisha huunganisha alivyoviona kwa hoja. Kwa sababu hiyo kila karatasi ina vitu viwili ndani yake, yaani vilivyoonekana na vilivyokisiwa, na msomaji mzuri ni yule anayejua kuvitenganisha. Hatua karibu zote zinazofuata zinalenga jambo hilo.

Zipo pia ramani zinazoonyesha mashapo ya juu tu, kama vile mchanga wa mito, udongo wa mbuga na majivu ya volkeno, na zipo zinazoondoa mashapo hayo na kuonyesha mwamba wa chini peke yake. Anayetaka kujenga msingi wa nyumba anahitaji aina ya kwanza, na anayetafuta mshipa wa madini anahitaji ya pili. Hakikisha unajua uliyonayo ni ipi kabla ya kuendelea.

Hatua ya kwanza: tambua karatasi ya eneo lako

Tanzania imegawanywa katika karatasi za robo digrii, zinazojulikana kwa herufi QDS. Kila karatasi inachukua nusu digrii ya latitudo kwa nusu digrii ya longitudo, yaani robo ya mraba wa digrii moja, sawa na mraba wenye upande wa takribani kilomita 55, na ina namba yake na jina la mji au mahali maarufu ndani yake. Njia rahisi ya kujua namba ni kuchukua viwianishi vya eneo lako kwa simu, kisha kuvilinganisha na ramani ya faharasa inayoonyesha miraba yote ya nchi. Kama unayo ramani ya kawaida ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) ya 1:50,000, namba unayo tayari: karatasi nne za aina hiyo hujaza robo digrii moja, na tarakimu iliyo kabla ya mkwaju, mathalani 56 katika 56/2, ndiyo namba ya QDS.

Eneo likiwa karibu na ukingo wa karatasi, agiza na karatasi jirani. Mara nyingi karatasi mbili zilizochorwa miaka tofauti hazikubaliani kwenye mpaka wao, na mwamba mmoja huitwa jina hili huku na jina lile kule.

Hatua ya pili: soma pembezoni kabla ya kusoma katikati

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Weka mkono juu ya sehemu yenye rangi, kisha soma maandishi yote ya pembezoni kwa utaratibu.

Anza na mwaka. Mwaka wa uchapishaji na miaka ya upimaji wa uwandani ni vitu viwili tofauti, na ramani iliyochapishwa karibuni inaweza kuwa imejengwa juu ya upimaji wa zamani. Ramani iliyochorwa kabla ya wazo la mwendo wa mabamba ya dunia kukubalika, katika miaka ya 1960, inaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu mahali mwamba ulipo na wakati huohuo ikawa na maelezo yaliyopitwa na wakati kuhusu namna ulivyofika pale. Mahali pa mwamba paamini. Maelezo ya asili yake yalinganishe na maandiko mapya.

Kisha tazama kipimio. Karatasi nyingi za zamani ni za 1:125,000, ambapo sentimita moja ni kilomita 1.25, na zilizofuata ni za 1:100,000, ambapo sentimita moja ni kilomita moja. Jiulize mstari wenyewe una upana gani ardhini. Mstari wa nusu milimita kwenye ramani ya 1:100,000 unafunika mita 50, lakini mstari uleule kwenye ramani ya nchi nzima ya 1:2,000,000 unafunika kilomita moja. Mtu anayekuza ramani ya nchi nzima kwenye skrini ya kompyuta hadi akaliona shamba lake la ekari tatu amekuza wino tu. Hakuna taarifa mpya iliyoongezeka.

Baada ya hapo soma ufunguo. Visanduku vya rangi hupangwa kwa umri, mwamba mchanga zaidi ukiwa juu na mkongwe zaidi ukiwa chini. Kila kisanduku kina herufi, na herufi hizo ndizo za kutegemea kuliko rangi, kwa sababu rangi hufifia, nakala hupigwa bila rangi, na macho ya watu hayafanani. Upo utaratibu wa kimataifa unaotumia njano hafifu kwa mashapo ya kipindi cha sasa, kijani kwa Kretasia, buluu kwa Jurasi na waridi kwa miamba ya Akea (enzi kongwe iliyoisha miaka bilioni 2.5 iliyopita), ila karatasi nyingi za zamani haziufuati kikamilifu.

Mwisho soma alama. Mpaka wa mstari usiokatika maana yake mchoraji aliuona au ana uhakika nao. Mstari wa vipande ni mpaka wa kukadiria. Mstari wa nukta ni mpaka uliofichwa chini ya mashapo. Mpasuko huchorwa kwa mstari mnene zaidi, na vijistari vidogo huonyesha upande ulioshuka. Pembetatu ndogo kwenye mstari huonyesha mpasuko ambao upande mmoja ulipandishwa juu ya mwingine, nazo hukaa upande uliopanda. Ukitoka pembezoni bila kujua ni mipaka gani ya eneo lako iliyo ya vipande, hujamaliza hatua hii.

Hatua ya tatu: jua eneo lako liko katika familia gani ya miamba

Kabla ya kuzama kwenye herufi moja moja, pata picha ya jumla. Katikati na kaskazini-magharibi mwa Tanzania pana gamba kongwe la Akea, lenye graniti nyingi kuanzia Dodoma na Singida hadi Ziwa Viktoria, pamoja na mikanda ya miamba ya kijani yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, dhahabu ya Geita imo ndani ya mikanda hiyo. Mashariki yake umepita Mkanda wa Msumbiji, wenye miamba geu iliyopikwa na kukunjwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, na tanzanaiti ya Mererani inatoka kwenye naisi zenye grafiti za mkanda huo. Kusini-magharibi na kusini pana mabonde ya Karoo (mfululizo wa matabaka ya mashapo ya kale) yenye makaa ya mawe ya Kiwira, Ngaka na Mchuchuma. Pwani ina mashapo ya Jurasi, Kretasia na ya baadaye. Tendaguru mkoani Lindi, ambako Wajerumani walifukua mifupa ya dinosauria kati ya mwaka 1909 na 1913, pamo humo. Kaskazini, Kilimanjaro, Meru, Ngorongoro na Oldoinyo Lengai ni kazi ya volkeno za miaka milioni chache tu iliyopita.

Familia hiyo ndiyo inayoamua maswali ya kuuliza. Kwenye eneo la Karoo utauliza tabaka la makaa linazama upande gani, lakini kwenye graniti swali hilo halina maana, na badala yake utatafuta mipasuko na mishipa.

Hatua ya nne: soma mwinamo wa matabaka

Kwenye ramani utaona mstari mfupi wenye kijistari kinachotoka katikati yake, na pembeni namba. Mstari mrefu ni mwelekeo wa tabaka, kijistari kinaonyesha upande linakozama, na namba ni digrii za mwinamo. Namba 30 ikiwa na kijistari cha mashariki inamaanisha kwamba tabaka linazama mashariki kwa digrii 30. Kwenye miamba geu alama inayofanana na hiyo huonyesha mwinamo wa mapande ya mwamba (mpangilio ulioletwa na mgandamizo) badala ya matabaka ya asili, na hayo mawili hayalingani kila mara. Ufunguo utakwambia ni ipi.

Alama zikiwa chache, umbo la mipaka lenyewe linazungumza. Tabaka lililolala mlalo lina mpaka unaofuata kontua bila kuzikata. Tabaka lililosimama wima lina mpaka ulionyooka unaopita mabonde na vilima bila kujali. Tabaka lililoinama huchora umbo la V kila linapokata bonde, na ncha ya V huelekea upande tabaka linakozama, isipokuwa pale linapozama kuelekea mto unakotiririkia kwa mwinamo mdogo kuliko mteremko wa bonde lenyewe.

Mwinamo unaweza pia kuupima bila kwenda uwandani, mradi ramani ina kontua na tabaka halijakunjwa katika eneo unalopima. Tafuta mahali mpaka uleule unapokata kontua ya mita 1,200 mara mbili, uunganishe nukta hizo kwa rula. Mstari uliopata ndio mwelekeo wa tabaka. Fanya vivyo hivyo kwa kontua ya mita 1,150. Mistari hiyo miwili inapaswa kuwa sambamba, na isipokuwa sambamba, tabaka limepinda au umeshika mpaka usio wenyewe. Sasa pima umbali kati yake kwa pembe mraba. Tuseme ni mita 200 ardhini: tabaka limeshuka mita 50 kwa umbali wa mita 200, sawa na 0.25, na pembe yenye tanjenti hiyo ni takribani digrii 14. Kwa hesabu hiyo, aliyesimama mita 400 kutoka kwenye mpaka, upande linakozama na kwenye ardhi tambarare, atalikuta tabaka kwenye kina cha kama mita 100. Sidhani kuna zoezi jingine linalofungua macho ya mwanafunzi upesi kama hili.

Hatua ya tano: chora mkato wima

Ramani nyingi zina mkato wima chini yake, yaani mchoro wa ardhi kana kwamba imekatwa na kutazamwa ubavuni, lakini wa eneo lako utauchora mwenyewe. Piga mstari unaokata matabaka kwa pembe mraba kadiri iwezekanavyo. Lalisha ukanda wa karatasi kwenye mstari huo na uweke alama kila kontua na kila mpaka unapopita. Hamishia alama kwenye karatasi ya grafu, chora umbo la ardhi kwanza, kisha shusha kila mpaka chini kwa pembe ya mwinamo wake ukitumia kipimapembe.

Angalizo moja hapa ni la lazima. Ukitumia kipimio kimoja kwa wima na kingine kwa mlalo, pembe hupotoka. Wima ikikuzwa mara tano, tabaka la digrii 14 litaonekana limeinama digrii 51, na anayeusoma mchoro huo bila kuambiwa atachimba mahali pasipo penyewe. Tumia kipimio kimoja pande zote, na ukilazimika kukuza wima, andika kiasi ulichokuza.

Mkato huo unakupa pia historia. Kilichokata ni kichanga kuliko kilichokatwa: mpasuko unaopita kwenye graniti ulitokea baada ya graniti, na mshipa wa miamba ya moto unaopita kwenye mpasuko bila kusogezwa ulikuja baadaye zaidi. Tabaka moja likilala juu ya miamba mingi tofauti iliyoinamishwa, fahamu kwamba kati yao pana kipindi kirefu ambacho ardhi ilikuwa ikimomonyoka.

Hatua ya sita: uliza ramani swali lako

Nitachukua swali la maji, kwa kuwa ndilo linalowagusa wengi. Graniti nzima isiyo na nyufa haina maji ya maana. Maji hukaa kwenye sehemu ya juu iliyomong'onyoka na kwenye nyufa. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ni mfano ulio wazi: visima vinavyolihudumia jiji viko kwenye bonde lililozungukwa na mipasuko, ambapo graniti imevunjika na kuoza kwa kina. Msomaji anayetafuta mahali pa kisima katika nchi ya graniti aanze kwa mistari ya mipasuko, hasa pale inapokutana au inapopita chini ya bonde lenye mashapo, kisha ndipo amlete mpimaji na vifaa vyake. Ramani haimwondoi mpimaji. Inampunguzia eneo la kupima, na hivyo gharama.

Swali la pili ni ubora wa maji hayo. Kandokando ya Mlima Meru na katika maeneo mengine ya volkeno kaskazini, miamba hutoa floraidi nyingi kwenye maji ya ardhini, na viwango huvuka miligramu 1.5 kwa lita, ambao ndio ukomo unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Athari zake kwenye meno na mifupa ya watoto ni za kudumu. Ukiona kisima chako kinaangukia kwenye lava au majivu ya volkeno za huko, kipimo cha floraidi kiwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Mchimbaji mdogo wa madini naye akumbuke kwamba ramani ya jiolojia haionyeshi nani ana leseni wapi. Hiyo ni kazi ya ramani ya leseni ya Tume ya Madini, na zote mbili zitazamwe pamoja kabla ya kufungua duara (shimo la uchimbaji).

Mahali pa kuzipata

Kwa Tanzania, mlango wa kwanza ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao makuu Dodoma. Huko hununuliwa karatasi za QDS, ramani za nchi nzima, na takwimu za jiofizikia na jiokemia, na taasisi hiyo inahifadhi pia ripoti za zamani. Omba maelezo mafupi yanayoandamana na karatasi yako. Mara nyingi kijitabu hicho kina thamani kuliko ramani, kwa sababu humo mchoraji anasema aliona nini na alikisia nini. Ramani za kontua za kuweka chini ya ile ya jiolojia ziulize katika idara ya upimaji na ramani ya wizara inayoshughulikia ardhi.

Nchini Kenya, ofisi za jiolojia za serikali ziko Nairobi, na ripoti zake zenye namba, kila moja ikiwa na ramani iliyokunjwa nyuma, zimeandikwa kwa ufafanuzi wa kupendeza. Uganda ina ofisi zake Entebbe, na ramani za nchi hiyo zilifanyiwa kazi upya kati ya mwaka 2008 na 2012 kwa msaada wa wanajiolojia wa Finland, kwa hiyo huko tafuta toleo jipya kwanza. Kwa Kongo, Rwanda na Burundi, hazina kubwa ya ramani na ripoti za enzi ya ukoloni iko katika Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati lililopo Tervuren, Ubelgiji.

Kwenye intaneti, mradi wa OneGeology, ulioanzishwa mwaka 2007, unaunganisha ramani za taasisi za nchi nyingi mahali pamoja. Taasisi ya jiolojia ya Uingereza ina atlasi ya bure ya maji ya ardhini ya Afrika, yenye sura ya kila nchi na ramani za kupakua. Ni nzuri kwa picha ya jumla, ila kipimio chake ni kidogo mno kwa kuchagua mahali pa kisima. Hifadhi ya Ulaya ya ramani za udongo nayo ina nakala za ramani nyingi za zamani za Afrika. Usisahau maktaba za vyuo vikuu, hususan Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako tasnifu za wanafunzi huwa na ramani za kina za maeneo madogo ambazo hazikuchapishwa kwingine.

Hatua ya mwisho: iweke ramani kwenye simu, kisha nenda uwandani

Ukiwa na nakala ya kielektroniki, ifungue katika QGIS, programu isiyolipiwa, na uipachike kwenye viwianishi ukitumia angalau pembe nne za karatasi. Hapa pana mtego mkubwa. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zimejengwa juu ya mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, wakati GPS ya simu inatumia WGS 84, na tofauti kati ya mifumo hiyo miwili ni takribani mita 300, sehemu kubwa yake ikiwa kaskazini-kusini. Mita 300 zinatosha kukuhamisha kutoka kwenye mshipa hadi kwenye shamba la jirani. Katika QGIS chagua namba 21037 kwa maeneo ya Tanzania yaliyo mashariki ya longitudo 36, namba 21036 kwa yaliyo kati ya longitudo 30 na 36, na 21035 kwa ukingo wa magharibi kama Kigoma, kisha uiache programu ifanye ubadilishaji.

Uwandani beba nyundo, dira, kioo cha kukuzia, daftari na nakala ya ramani. Nenda kwanza kwenye mito, makorongo na barabara zilizokatwa, kwa maana huko ndiko mwamba ulipo wazi. Usiokote jiwe lililolegea ukalihesabu kuwa mwamba wa mahali hapo. Gonga mwamba ulioshikamana na ardhi, kwa sababu jiwe lililolegea linaweza kuwa limeletwa na maji au na mikono ya watu. Andika viwianishi, aina ya mwamba, mwelekeo na mwinamo, kisha linganisha na herufi ya ramani. Mahali mnapokubaliana weka alama ya vema. Mahali msipokubaliana piga picha yenye kitu cha kupimia ukubwa, chukua kipande cha mwamba ambao haujaoza, kifunge na kukiandika namba, na ukipeleke pamoja na viwianishi vyake kwa wanajiolojia wa taasisi iliyotoa karatasi hiyo.